Pete ya kupanga uzazi: damu inanirudia, sijui kosa liko wapi

fundi_wa_Majengo (Goma)

Habari zenu dada na mama zangu. Naomba mnisome hadi mwisho, maana hapa nyumbani sina wa kumuuliza.

Nina miaka 31, nashona nguo, nina watoto wawili. Wa pili alipozaliwa nilimeza vidonge, nikawa nasahau. Nikahamia sindano ya miezi mitatu, mwezi ukakatika kabisa, na mama mkwe akaanza kuniuliza damu yangu inakwenda wapi. Nikaacha. Mwaka huu wifi yangu anayeishi Ubelgiji alikuja kututembelea akaniletea boksi la pete tatu. Kabla ya kuanza nilipita kituo cha afya nikapimwa presha, wakaniuliza kama navuta sigara, kama nina kipandauso, kama nimewahi kuvimba mguu. Yote hapana. Wakasema naweza.

Kwa wasioijua: ni kipete laini, hakina rangi, ukikigusa ni kama mpira wa seramu, ule wa dripu. Upana wake ni kama mdomo wa kikombe kidogo cha chai. Unakibana kwa vidole viwili, unakiingiza ukeni, kinakaa wiki tatu kikitoa dawa kidogo kidogo. Unakitoa, unapumzika wiki moja, unaona mwezi, kisha unavaa kipya siku ileile ya wiki. Mimi ya kwanza niliivaa Jumatatu usiku. Sasa niko kwenye ya pili, wiki ya pili inakwisha.

Shida ni damu. Na pete ya kwanza ilikuja wiki ya pili, nikaona matone ya rangi ya kahawa kama siku nne. Nikajipa moyo, nikasema mwili unazoea. Wiki ya mapumziko nikaona mwezi wangu vizuri. Lakini na hii ya pili, Jumanne ya juzi nilikuwa nimeinama kwenye mashine nikasikia unyevu. Mteja alikuwa amesimama mbele yangu na gauni la harusi la kupima kiuno, na mimi siwezi kunyanyuka kitini. Nilimwambia mguu umekufa ganzi. Msichana ninayemfundisha kazi ndiye aliyempima, akakosea sentimita mbili, nikalifumua gauni usiku. Tangu siku hiyo nafunga vitenge viwili. Damu si nyingi, pedi moja kwa siku, pengine mbili, lakini haikatiki. Vitambaa nafua usiku nyuma ya jiko, juu ya mawe, ili asubuhi viwe vimekauka kabla ya watu kuamka. Na maji tunanunua kwa bidoni, mnajua.

Mama mkwe ameviona. Ameniambia mwili unakikataa hicho kitu na kizazi kitaoza. Wifi naye ananiandikia WhatsApp kwamba yeye huvaa pete mfululizo bila kupumzika, na akiona damu huitoa siku nne kisha anairudisha, damu inakata. Je, na mimi niitoe siku nne? Au niitupe kabisa? Naivaa kama alivyonielekeza.

dada_wa_Ndosho

Dada pole sana. Mi minaogopa hiyo kitu kabisa. Haiwezi potelea ndani ya tumbo? Jirani yangu alisema inaweza panda mpaka kwa moyo.

mkunga_Katindo

Nianze na huyu wa Ndosho kwa sababu hofu hiyo naisikia kila wiki. Haiwezi kupotea. Uke ni kama mfuko, mwisho wake umezibwa na mlango wa kizazi, na tundu la mlango huo ni jembamba mno, pete haipiti. Ikijificha juu, chuchumaa, ingiza kidole, utaikuta. Haina njia ya kwenda tumboni wala moyoni.

Sasa fundi. Kizazi hakiozi kwa matone ya damu. Mwambie mama mkwe hivyo kwa upole, na usiruhusu neno hilo likulaze macho. Dawa zilizo ndani ya pete ni mbili, ndugu wa zile zilizo kwenye vidonge vya kawaida, na zinafanya ngozi ya ndani ya kizazi iwe nyembamba. Miezi miwili mitatu ya mwanzo ngozi hiyo bado haijatulia, vipande vidogo hubanduka, ndiyo hiyo rangi ya kahawa unayoiona. Wanawake wengi huipitia, na kwa wengi inakwisha yenyewe.

Lakini siwezi kukwambia "vumilia" nikaishia hapo, kwa sababu umesema ilikuja, ikaisha, ikarudi. Nijibu maswali haya, na usinifiche hata moja.

Pete imewahi kutoka, kwa kuteleza au kwa kuitoa wewe, hata saa chache? Kuna dawa unayomeza? Namaanisha hasa dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, dawa za kifafa kama karbamazepini na fenobabitali, au efavirenzi ya VVU. Hizo hula nguvu ya pete, damu ikatoka na mimba ikaingia. Antibiotiki za kawaida kama amoksisilini hazina neno. Unasikia maumivu chini ya kitovu, homa, uchafu wenye harufu, au damu baada ya kukutana na mume? Hiyo ingenipeleka kutafuta maambukizi, klamidia kwa mfano, au kuangalia mlango wa kizazi. Na la mwisho: umepima mimba?

Mambo ya siku nne usiyaguse kwanza. Wifi yako anasema kweli, lakini anasema ya kwake. Hiyo ni ya mtu anayevaa mfululizo, aliyekwisha kukaa na pete siku 21 au zaidi bila kuitoa, na hairudiwi zaidi ya mara moja kwa mwezi. Wewe uko wiki ya pili. Ukiitoa siku nne leo, unajifungulia mlango wa mimba.

Ukiona damu inalowesha pedi mbili kwa saa moja, saa mbili mfululizo, au kizunguzungu cha kuanguka, usisubiri jibu la mtu huku. Panda pikipiki uende hospitali. Vilevile mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana ghafla, au kichwa kikauma kwa namna ambayo hujawahi kuisikia: itoe pete uende siku hiyohiyo.

mama_wa_Nguba (Bukavu)

Fundi, mimi pete sijawahi kuvaa, nina vijiti vya kupanga uzazi mkononi tangu mtoto wa tatu. Nakuandikia kwa ajili ya damu tu. Miezi minne ya mwanzo nilitokwa na matone karibu kila wiki, nikawa sikai kwenye kiti cha mtu kanisani bila kutandika kitenge. Nilikuwa nimekwisha kuamua vitolewe. Muuguzi akanipa ibuprofeni ya siku tano, nile na chakula, nikaona imepungua, na baadaye ikaisha yenyewe. Sijui kama kwa pete ni hivyohivyo, muulize mkunga kabla hujameza. Kilichonisaidia kuliko dawa ni kuandika. Kila siku ya damu nilichora msalaba kwenye kalenda. Nilidhani natokwa damu mwezi mzima, kumbe nilipohesabu zilikuwa siku tisa.

fundi_wa_Majengo (Goma)

Mkunga, mficha uchi hazai, naandika yote.

Dawa sinywi. Maumivu sina, harufu sina. Mimba sijapima. Lakini hilo swali la kuitoa limenikalia vibaya tangu jana.

Mume wangu anafanya kazi ya ujenzi Bukavu. Anakuja kwa boti Ijumaa moja, Ijumaa inayofuata haji, na Jumapili jioni anarudi. Anajua napanga uzazi, tulikubaliana, ila sikuwahi kumweleza ni kwa kitu gani. Niliona aibu. Niliogopa ataisikia aulize ni nini hiki. Kwa hiyo akifika Ijumaa naitoa, naiosha, naiweka kwenye kisosi ndani ya kabati chini ya vitambaa, na Jumapili akishaondoka naivaa tena. Nilikuwa nafikiri dawa ya wiki tatu imeshaingia mwilini, siku mbili haziwezi kuharibu kitu. Wifi hakuniambia itoke, lakini hakuniambia isitoke.

Nimemsikia mama wa Nguba nikachukua daftari langu la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma, nikaandika siku zote tangu ile Jumatatu ya kwanza. Mume alikuja siku ya 5, ya 19 na ya 33. Damu ilianza siku ya 9, ya 23 na ya 37. Zote tatu ni Jumanne. Ile ya siku ya 23 ndiyo niliyoiita mwezi wangu wa kawaida kwa sababu nilikuwa nimeitoa pete Jumatatu yake. Nimekaa nikitazama hizo Jumanne tatu, mikono ikatetemeka. Mara ya mwisho tulikutana Jumamosi ya wiki iliyopita, siku ya 34. Leo ni siku ya 41.

mkunga_Katindo

Asante kwa kuandika, binti yangu. Nimekusoma mara mbili.

Daftari lako limekwisha kujibu. Pete si sindano. Sindano huacha akiba mwilini, pete haina akiba: inatoa dawa saa kwa saa, na ukiitoa dawa katika damu inashuka haraka. Ngozi ya kizazi inayoshikiliwa na dawa hiyo ikikosa mshikaji inaanza kubanduka, na siku mbili tatu baadaye unaona damu. Ndiyo maana wiki ya mapumziko mwezi unakuja. Wewe ulikuwa unajipa mapumziko madogo kila mume anapokuja, na mwili wako ulijibu kila mara, bila kukosa. Mwili haujakataa kitu. Huenda matone ya miezi ya kwanza nayo yamo humo, sitakuficha, lakini Jumanne tatu hazijipangi zenyewe.

Damu ndiyo ndogo katika mambo haya mawili. Kubwa ni mimba. Pete ikikaa nje zaidi ya saa tatu, kinga inayumba, na wewe uliitoa siku mbili, tena siku zilezile mlizokutana. Ile ya siku ya 33 inanitia wasiwasi kuliko zote, kwa sababu ulikuwa umetoka wiki ya mapumziko na umevaa pete mpya siku nne tu. Mayai yanapata nafasi ya kuamka hapo. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vilikuwa vya siku tano za kwanza, zimepita.

Basi fanya hivi. Pete uliirudisha Jumapili, hujaitoa tangu hapo, ndiyo? Kesho zinatimia siku saba mfululizo. Kuanzia hapo inakulinda tena, mradi usiiguse. Iache hadi Jumatatu yake ya kutoka. Kipimo cha mkojo ukikifanya leo kikisema hapana, hakinitoshi, ni mapema mno. Hesabu wiki tatu kutoka Jumamosi mliyokutana: ni siku ya 55. Siku hiyo pima, hata kama utakuwa umeona damu, maana damu ya wiki ya mapumziko inaweza kuja na mtu akadanganyika. Matiti yakiuma au kichefuchefu kikija kabla ya hapo, njoo upimwe.

Ibuprofeni ya mama wa Nguba iache. Kwako dawa ni kutoitoa pete.

Na mumeo mwambie. Pete imetengenezwa ikae wakati wa tendo. Wanaume wengine huisikia kidogo, wengi hawajali. Ikitokea siku moja imetoka, ioshe kwa maji baridi au ya vuguvugu, kamwe si ya moto, uirudishe kabla ya saa tatu kwisha. Zikipita ukiwa wiki ya kwanza au ya pili, irudishe papo hapo na mtumie kondomu siku saba. Ukiwa wiki ya tatu usiirudishe, niulize, kuna njia nyingine.

wa_famasi_Kamalondo (Lubumbashi)

Dada fundi, mkunga amemaliza, naongeza la boksi. Pete hizo kabla ya kuuzwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Zikishatoka kwa mfamasia zina miezi minne tu, na mfamasia huandika tarehe ya kuzitoa juu ya boksi. Itafute hiyo tarehe, usitazame ile ya kiwandani peke yake. Huku kwetu mwezi wa kumi, chini ya bati, ningesema usiziweke chumbani kabisa. Goma kuna baridi kidogo, lakini usiache kifuko karibu na dirisha la jua wala juu ya bati la dari. Kifuko chenyewe usikitupe, pete iliyokwisha unairudisha humo, unakifunga, unatupa kwenye takataka, si chooni.

La pili, kwa wanaosoma: kuna pete nyingine ya dapivirini, inakaa mwezi mmoja, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliipendekeza mwaka 2021 kwa wanawake wanaotaka kujikinga na VVU. Haizuii mimba. Na hii ya fundi haizuii VVU. Nimeshaulizwa mara nyingi na watu wanaodhani ni kitu kimoja.

fundi_wa_Majengo (Goma)

Nimerudi. Leo ni Jumatatu, siku ya 57. Nilitaka kwanza yaishe ndipo niandike.

Mume alikuja Ijumaa ile iliyofuata. Nilingoja watoto walale. Sikujua nianzie wapi, nikamwekea mbele kile kifuko kitupu cha pete na karatasi yake ya maelezo. Nikamwambia iko ndani sasa hivi, na inatakiwa ibaki. Alikuwa kimya. Kisha akawasha tochi ya simu, maana umeme ulikuwa umekatika, akaanza kusoma ile karatasi ya Kifaransa mstari kwa mstari, kama anavyosoma plani za nyumba. Alipofika penye michoro aliniuliza, "Na hizo damu ulizokuwa unafua usiku, zilikuwa zinakuuma?" Kumbe alikuwa ameambiwa na mama yake muda mrefu, akawa anaogopa kuniuliza. Nililia. Pete haikutoka. Asubuhi nilimwuliza kama aliisikia, akasema kidogo, mara moja.

Jumanne iliyofuata, siku ya 51, sikuogopa kama nilivyodhani, kwa sababu Jumatatu yake nilikuwa nimeitoa pete kwa ratiba na damu ilikuwa ina haki ya kuja. Ilikuja Jumatano. Lakini kabla ya hapo, tangu ile ya siku ya 37 ilipokata siku ya 43, sikuona tone. Nilikuwa naangalia kila nikienda chooni. Kitambaa cheupe, asubuhi na jioni.

Jumamosi nilinunua kipimo kwenye famasi karibu na soko la Virunga. Nilikifanya kabla ya jua kutoka, nikakiweka juu ya mashine ya kushonea, nikageuka upande wa ukuta hadi dakika tano ziishe. Mstari mmoja. Nilikisogeza kwenye mwanga wa dirisha nione kama kuna wa pili uliofifia. Hakuna. Mkunga, nimekuletea leo kwako ukione, ulikuwa zamu nyingine, nimekiacha kwa mwenzako ndani ya bahasha.

Kaka wa Kamalondo, tarehe ya boksi ni 20 mwezi wa 5, kwa hiyo pete ya mwisho nimeivaa ndani ya muda. Naziweka kwenye valizi chini ya kitanda, sakafu yetu ni ya baridi. Nikimaliza hii sina nyingine, na siwezi kukaa nikimsubiri wifi asafiri. Mwenzako, mkunga, ameniambia nirudi kabla ya wiki yake ya tatu kwisha, vijiti viwekwe siku ileile pete inapotoka pasiwe na nafasi katikati. Mama wa Nguba, nitakuja kukuuliza mengi.

Mama mkwe nilimwita nikamwonyesha ukurasa wa daftari. Hajui kusoma vizuri, lakini misalaba aliielewa, akaweka kidole kwenye Ijumaa na kwenye Jumanne. Akasema, "Kwa hiyo ni mtoto wangu alikuwa anakuletea damu." Nikamwambia hapana mama, ni mimi nilikuwa naificha. Jioni aliniletea bidoni moja ya maji bila kusema neno.

Ya tatu nimeivaa leo saa tatu na nusu usiku. Nimeiandika nyuma ya daftari.